Mbili, Kimya, Mbili

"Baba mdogo, kwa nini mbwa wanachezesha miguu wakilala?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka saba. Marehemu baba yake, mchimba visima, alimpa jina la utani la Tone, maana kwake tone la kwanza la maji chini ya shimo ndilo lililokuwa utamu wa kazi nzima. Aliyeulizwa alikuwa mdogo wa huyo marehemu, ambaye watu walimwita Kamba. Si kwamba alikuwa mwembamba, la. Tumbo lake lilimtangulia kila mahali. Aliitwa hivyo kwa sababu kaka yake aliposhuka kuchimba, yeye ndiye aliyebaki juu kushika kamba.

"Wanaota," Kamba alijibu bila kufikiri. "Wanaota wanafukuza paka."

"Kengele hafukuzi paka," Tone alisema. "Hebu mtazame. Kwanza shingo, halafu miguu. Mara mbili. Anatulia. Halafu mara mbili tena."

Kamba aligeuka na kikombe cha chai mkononi. Mbwa alikuwa amelala ubavu kwenye baraza. Kichwa chake kilinyakuliwa mbele mara mbili, kama aliyevutwa kwa ule mkanda wa shingoni, na kila kilipovutwa miguu yote minne ilijikaza dhidi ya sakafu. Huyu hakuwa anakimbia. Alikuwa anakataa kwenda. Akatulia kwa muda wa pumzi moja, kisha akavutwa tena, mbili.

Kamba aliweka kikombe chini, akaingia ndani, na chai ile hakuirudia.

Watu wengi hudhani jini lazima lingoje giza. Huo ni uvumi wa watu wanaolala usiku. Hili lilikuja saa nane mchana, jua likiwaka, nguo zikiwa kwenye kamba ya kuanikia, redio ya jirani ikisoma habari, na Mama Tone akiwa dirishani anakanyaga cherehani yake, anashona sare za shule. Lilikuja kila siku saa hiyohiyo, na Kamba alijua kwa nini ni saa nane.

Wachimba visima hutumia kamba mbili. Ya kwanza ni nene, hupita kwenye kapi, ndiyo inayopandisha ndoo za udongo na kumpandisha mtu. Ya pili ni nyembamba. Ncha moja hufungwa kiunoni mwa aliye chini, nyingine hukaa mkononi mwa aliye juu, kwa sababu shimo likishakuwa refu sauti haipandi vizuri. Mvuto mmoja: teremsha ndoo. Miwili: pandisha. Miwili, kimya, miwili: nitoe mimi, sasa hivi.

Kila kazi ina uvivu wake wa siri, na hawa ndugu wawili walikuwa na wa kwao. Yule kaka mkubwa, ambaye wenzake walimwita Fuko kwa jinsi alivyopenda kukaa ardhini, alimfundisha mbwa wake kazi ya kamba. Alimfundisha kwa vipande vya nyama, wiki baada ya wiki, mpaka mbwa akaelewa: kamba nyembamba ifungwe kwenye mkanda wake wa shingoni, ikivutwa tu, abweke. Aliye juu akawa huru kumwaga udongo, kunawa uso, kunyoosha mgongo. Ndiyo maana mbwa akaitwa Kengele. Na kwa kuwa majirani walilalamika, alifundishwa pia neno la kumzima. Ukimwambia "nyamaza", alinyamaza. Nimeona watoto wa watu wasiotii nusu ya alivyotii mbwa yule.

Siku ya kifo chake Fuko alikuwa anachimba kisima cha kwake mwenyewe, uani, ili mke wake apumzike kubeba ndoo. Miaka kumi na mbili alikuwa amechimbia watu wengine maji. Mama Tone alikuwa amepeleka sare shuleni, Tone alikuwa darasani. Walikula, Fuko akashuka. Kamba akafunga kamba nyembamba kwenye shingo ya Kengele, akajilaza kwenye kivuli cha lundo la udongo.

Kengele alipobweka, saa nane, Kamba alikuwa macho. Amefumba, lakini macho. Alisikia vizuri sana. Alifikiri, huyu kaka na utani wake, mvuto wa nini tena, ndoo si iko chini? Tumbo lilikuwa limeshiba na kivuli kilikuwa kizuri. "Nyamaza, Kengele," alisema kivivu, bila kufumbua macho. Mbwa akabweka tena, kwa haraka zaidi. Kamba akapapasa, akaokota bonge la udongo, akamtupia. "Nyamaza nimesema." Na Kengele, kwa kuwa alikuwa mbwa mwema, akanyamaza, akabaki amejikaza pale ukingoni huku shingo yake inavutwa.

Kamba akapitiwa na usingizi, na alipoamka, kamba ilikuwa imelegea.

Kabla ya kupiga kelele kuita watu, Kamba alifanya jambo moja. Aliifungua kamba kutoka shingoni mwa mbwa. Watu walipofika walimkuta ameishika mkononi, analia. "Nilikuwa macho," aliwaambia. "Kamba ilikuwa mkononi mwangu na haikutikisika hata mara moja. Hewa mbaya imemzima." Wakamwamini, kwa sababu hewa mbaya ya shimoni huua hivyo wakati mwingine, haimpi mtu nafasi ya kuita. Mama Tone alimshika mkono mbele ya waombolezaji, akamshukuru kwa kuwa mumewe hakufa peke yake. Mkono ule Kamba aliuosha mara tatu jioni ile, na haukutakata.

Shimo lilifunikwa kwa mbao na jiwe kubwa likawekwa juu yake. Kamba akahamia chumba cha nje kumsaidia shemeji yake. Wiki ya saba ndipo Tone akauliza lile swali lake.

Kesho yake, kabla ya saa nane, Kamba alimvua Kengele mkanda, akauficha chini ya godoro lake. Alikaa barazani kusubiri, akijiambia kwamba mbwa ni mbwa na ndoto ni ndoto. Saa nane shingo ya Kengele ilivutwa kama jana. Mkanda haukuwepo, lakini manyoya yalibonyea kuzunguka shingo nzima, kwa upana wa mkanda. Harufu ikatoka mdomoni mwa mnyama, harufu ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule ambao haujawahi kuona jua, na Kamba angeweza kukwambia kwa pua tu kwamba huo ni udongo wa urefu wa watu saba.

"Amka," alinong'ona, akamsukuma kwa mguu. "Amka wewe."

Kengele akafumbua macho, akamwona. Akafungua mdomo kubweka, akakumbuka, akaufunga.

"Shemeji," Mama Tone alisema kutoka dirishani, na cherehani ikasimama. "Umegundua? Tangu kaka yako afariki, mbwa huyu hajabweka."

"Ana majonzi," Kamba alisema.

"Labda. Lakini juzi mtu mgeni ameingia hadi mlangoni, Kengele anamtazama tu. Anafungua mdomo, anaufunga. Kama aliyekatazwa."

Kamba alisema anakwenda dukani. Alikwenda, akasimama mbele ya duka, muuzaji akamuuliza anataka nini, akageuka na kurudi bila kununua kitu. Roho ilimsuta mpaka akahisi watu wote njiani wanamtazama kinywani. Kumwambia shemeji yake ukweli kungekuwa maneno machache tu, tena hayakuwa magumu kuyatamka. Kila jioni alikuwa anayapanga kichwani, na kila asubuhi Mama Tone alimwandalia uji akimwita baba wa pili wa mwanangu, naye akayameza pamoja na uji.

Siku ya tano Tone alirudi kutoka shuleni amechoka, akalala kwenye mkeka kando ya Kengele. Kamba alikuwa chumbani kwake. Alisikia cherehani, akasikia redio, kisha akasikia kati ya hivyo viwili sauti nyingine, ya kamba inayosuguana na ukingo wa mbao, kwaru, kwaru, inasimama, kwaru, kwaru, na kabla hajajiuliza inatoka wapi alikuwa ameshatoka mbio miguu mitupu, maana masikio yake yalikuwa yamefanya kazi hiyo miaka kumi na mbili na hayakuhitaji kuuliza. Barazani mkeka ulikuwa mtupu, mbwa amelala peke yake ametulia kabisa, na kuanzia kwenye mkeka mifereji miwili midogo ya visigino ilikata mchanga wa ua, ikapita chini ya nguo zilizoanikwa, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye zile mbao za kisima, na pale mwisho wake alikuwa Tone, chali, amelala usingizi mzito, gauni lake la shule limebonyea kiunoni pande zote kama lililokazwa kwa kitu ambacho hakikuwepo, na kiuno kile kinanyanyuka, mara mbili, kinatulia, mara mbili, na kila kiliponyanyuka mtoto alisogea upana wa kiganja, na jiwe juu ya mbao, jiwe lililobebwa na wanaume watatu, lilikuwa limeshaondoka mahali pake.

Alimkumbatia, akavuta. Mtoto alikuwa mzito kama ndoo iliyojaa. Tone alifumbua macho lakini hakuwa macho, akasema kwa sauti ya taratibu, ya mtu aliye mbali, "Juu, mbona kimya?"

Hivyo ndivyo wachimbaji huitana. Aliye chini humwita mwenzake Juu. Tone hakuwa amewahi kukaa kisimani siku ya kazi.

Saa nane ilipopita uzito ukamtoka, akaanza kulia kama mtoto yeyote. Mama Tone alikuwa amesimama nyuma yao na sindano bado iko mdomoni. Aliitoa polepole.

"Kesho tunamwita Mkunga," alisema.

Mkunga alikuwa mwanamke aliyezalisha watoto miaka thelathini, na baada ya mikono yake kuanza kutetemeka akageukia uganga, kwa maelezo kwamba kazi ni ileile, kutoa kilichomo ndani. Alifika saa saba, miwani yake imefungwa kwa uzi, akazunguka ua mara moja, akamnusa mbwa, akamshika mtoto kiuno. Halafu akaketi kwenye kigoda na kuomba maji ya kunywa.

"Ni baba yake?" Mama Tone aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, mwanangu. Mumeo amepumzika, usimsumbue. Huyu ni mwenyeji wa huko chini. Walichimba hadi chumbani kwake, akasikia mtu anaita na hajibiwi. Wito ukibaki bila jibu hulala palepale ulipoangukia, na yeye ameuokota. Anaita kwa kamba ya mumeo. Alianza na mbwa, maana mbwa ndiye aliyefungwa." Akamtazama Kamba juu ya miwani. "Mbwa alifungwa kamba siku ile, au nakosea?"

"Leta ile kamba nyembamba," Mkunga alisema.

Waliondoa mbao mbili. Mkunga akateremsha ncha moja ya kamba kisimani, ikiwa tupu, haikufungwa kitu. Ncha ya pili akampa Kamba aishike. Tone alilazwa mapajani mwa mama yake, akasinzia hata bila kubembelezwa. Ilipotimu saa nane kiuno cha mtoto kilivutwa mara mbili, na kamba mkononi mwa Kamba, ambayo chini haikushikwa na mtu, ikavutwa mara mbili pamoja nacho.

"Anaita," Mkunga alinong'ona. "Jibu."

"Nijibu nini, bibi?"

"Mwambie ulikuwa unafanya nini ulipoitwa Juu mara ya kwanza. Mbele ya mama huyu. Neno zima."

Mbili. Kimya. Mbili. Mama Tone alikuwa amemkumbatia binti yake kwa mikono yote miwili na bado mtoto alikuwa anateleza. Kamba alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa pale, na mwanamke aliyemwita baba wa pili alikuwa anamtazama.

"Nilisinzia," alisema. "Kamba niliifunga kwa Kengele, nikajilaza, usingizi ukanipitia. Sikusikia kitu. Niliwadanganya kwamba nilikuwa macho. Nisameheni."

Kamba ikalegea. Tone akakohoa, akatema tope jeusi kwenye kanga ya mama yake, akaamka na kusema ana njaa. Mama Tone alilia hadi akashindwa kusimama.

Mkunga hakusimama pia. "Ndiyo yote?" alimuuliza Kamba.

"Ndiyo yote."

"Mficha uchi hazai. Nimekaa na wanawake wengi wakati wa uchungu, naujua uso wa mtu aliyebakiza kitu ndani."

"Ndiyo yote, bibi."

Mkunga akaikunja kamba, akaiweka mapajani mwake. "Kwa mtoto ametoka. Mtoto hakuwa na la kumjibu. Mwenye jibu atajuana naye."

Jioni Mama Tone alimletea Kamba chakula chumbani mwenyewe. "Usingizi si dhambi, shemeji," alisema. "Ulikuwa umechoka. Ungeniambia tu siku ileile." Akafika mlangoni, akasimama. "Na Kengele? Alibweka usisikie?"

"Labda naye alisinzia."

"Labda," alisema Mama Tone. Alifikiri pale mlangoni juu ya mbwa anayevutwa shingo na bado amelala. Halafu akaenda kuosha vyombo.

Siku tatu zilipita salama. Kengele alilala mchana na miguu yake ikachezacheza hovyo, nyepesi, bila hesabu, kama ya mbwa wote. Tone alicheka na kusema sasa kweli anafukuza paka. Kamba naye akapata nafuu. Nusu ya ukweli ilikuwa imemtoka, na nusu iliyobaki alianza kuizoea. Siku ya nne alikula akashiba, akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, uani, akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe. Tone alikuwa bado shuleni. Mama Tone alikuwa dirishani na sare zake.

Saa nane Kengele alibweka.

Mama Tone aliacha kukanyaga cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mbwa yule tangu msiba. Alichungulia. Kengele alikuwa amesimama kando ya mkeka, masikio mbele, anambwekea Kamba aliyelala. Shati la Kamba lilikuwa limebonyea kuzunguka kiuno. Kiuno kikanyanyuka mara mbili, kikatulia, kikanyanyuka mara mbili, na visigino vyake vikaanza kuchora mifereji kwenye mchanga, na kule mwisho wa ua jiwe lilikuwa linasogea lenyewe juu ya mbao, kidogo kidogo, na harufu ya udongo mbichi ikapanda hadi dirishani. Mama Tone aliinuka akimbie kumwamsha. Tayari alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

Ndipo Kamba akasema, kivivu, usingizini, bila kufumbua macho:

"Nyamaza, Kengele."

Mbwa akabweka tena, kwa haraka zaidi. Mkono wa Kamba ukapapasa mchanga, ukaokota bonge la udongo, ukalitupa.

"Nyamaza nimesema."

Kengele akanyamaza.

Mama Tone alibaki na mkono kwenye kitasa. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alisikia sauti ile, ya mtu aliyesikia na akachagua kulala, akaisikia kama alivyoisikia mumewe kutoka chini, ikiwa kweli sauti hufika. Mbwa aligeuza kichwa, akamtazama yeye kupitia dirishani, mdomo wazi, anangoja ruhusa. Neno moja tu lingetosha.

"Umemsikia," Mama Tone alimwambia mbwa taratibu. "Amesema unyamaze."

Akarudi kwenye kiti, akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko siku zote.

Walimkuta Kamba kesho yake, chini kabisa, na hakuna aliyeelewa, maana mbao zilikuwa mahali pake na jiwe juu yake. Waliuliza kama hakuna aliyesikia chochote. Mama Tone alisema alikuwa anashona, na cherehani ina kelele. Na mbwa? Mbwa, alisema, alikuwa amelala. Watu walimwonea huruma, wakamshika mkono mmoja mmoja, na yeye aliutazama ule mkono wake kila ulipoachiwa.

Wiki ya saba baada ya Kamba kuzikwa, Tone alikaa barazani anakula muwa.

"Mama," aliita. "Kengele anachezesha miguu tena. Njoo uone. Kwanza shingo."

"Anaota," alijibu Mama Tone kutoka ndani, haraka, bila kugeuka. "Anaota anafukuza paka."